Mtoto akichutama penye sisimizi, chutama naye

Mwanangu wa kwanza alikuwa na miaka minne alipochutama kando ya msafara wa sisimizi na kuniuliza, "Mama, wanajuaje njia?" Nilikuwa na haraka. Nikamjibu palepale kwamba wananusa harufu iliyoachwa na wenzao. Akaitikia, akainuka, mchezo ukaishia hapo. Jibu lilikuwa sahihi, na mpaka leo linaniuma.

Zamu ya mdogo wake ilipofika, nilinyamaza nikachutama naye. Akaweka jani katikati ya njia. Sisimizi wakapanda juu yake. Akaweka kijiti, wakakizunguka. Kisha akapitisha kidole chake udongoni, akaukata mstari wao. Waliokwisha pita wakaendelea na safari. Wa nyuma wakasita, wakawa wanahangaika huku na huku wakipapasa kwa vipapasio, hadi mmoja akavuka na wengine wakamfuata. "Nimefuta njia yao!" akapiga kelele. Alikuwa ameng'amua mwenyewe kwamba pale chini pana kitu ambacho macho hayakioni. Neno "harufu" nilimpa siku ya pili, akalidaka kama mtu aliyekuwa akilitafuta.

Jane Goodall, mtafiti maarufu wa sokwe, alisimulia mara nyingi kwamba alipokuwa mdogo alijificha saa kadhaa ndani ya banda la kuku ili aone yai linatokea wapi. Nyumbani walikuwa wameshaanza kumtafuta. Aliporudi amejaa nyasi, mama yake hakumgombeza, alikaa akamsikiliza. Mwaka 1960, katika msitu wa Gombe, Kigoma, mtoto yuleyule, sasa mtu mzima, alimwona sokwe akichokonoa kichuguu kwa kijiti na kuwatoa mchwa. Mimi humfikiria zaidi yule mama. Ni vigumu sana kuzuia ukali wakati moyo bado unadunda kwa hofu.

Kwa hiyo ninachoomba wazazi wenzangu ni muda, hata nusu saa isiyo na ratiba, na nguo ambazo hamtazililia zikichafuka. Akiuliza, mrudishie: "Wewe unaonaje?" Simu inayotaja jina la kila mdudu na ikae mfukoni kwanza, kwa sababu mtoto akishapewa jina mara nyingi huacha kutazama. Mfundishe kurudisha jiwe alilolifunua, maana chini yake ni nyumbani kwa mtu.

Hatari zipo, sizifichi. Kwangu amri ni chache na hazijadiliwi: mkono hauingii katika shimo usiloliona ndani, kando ya maji haendi mtu bila mkubwa, na mikono inaoshwa kabla ya kula. Mengine nawaachia.

Jana mdogo alimgusa jongoo, akajiviringisha. "Kwa nini anafanya hivyo?" Nikamuuliza yeye anaonaje. Alifikiri kidogo, akalala kifudifudi, kidevu chini, akaniashiria ninyamaze mpaka jongoo ajikunjue.