"Walifariki" au "waliuawa"? Maneno ya kusomea habari ya watu waliopigwa risasi

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi husoma taarifa ya habari katika redio ndogo hapa Mwanza. Habari nyingi za nje hutufikia kwa Kiingereza, nasi huzitafsiri mbio mbio kabla saa haijafika. Juzi ilikuja habari ya mtu aliyewapiga risasi watu wengi huko Marekani. Mimi niliandika "mauaji ya halaiki". Mwenzangu akasahihisha kuwa "mauaji ya kimbari". Mhariri akafuta yote mawili, akaweka "tukio la ufyatuaji risasi". Nikasoma hivyo, na mwishoni nikaongeza kwamba mawazo na maombi yetu yako pamoja na wahanga. Sijatoka hata studio, mzee mmoja wa Kirumba akapiga simu. Sauti yake ilikuwa na uchungu. "Mwanangu," akaniuliza, "wale watu walijitoa wenyewe, hata uwaite wahanga?" Nilikosa jibu. Nani kati yetu alikuwa sahihi?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Nianze na huyo mzee, maana yeye ndiye aliyelisikiliza neno lenyewe wakati nyinyi studio mlikuwa mnakimbizana na saa.

Mhanga, kwa maana aliyokua nayo yeye, ni mtu anayeitoa nafsi yake. Mvuvi akiona mtoto anazama, akajirusha majini akamwokoa, na mwenyewe asirudi, tunasema amejitoa mhanga. Ndani ya neno hilo kuna hiari na kuna heshima. Baadaye neno lilitanuka. Leo magazeti humwita mhanga mtu yeyote aliyepatwa na janga, na matumizi hayo yameenea kiasi kwamba siwezi kukuambia umekosea. Lakini tazama linavyotufanyia katika habari za aina hii. Agosti 7, 1998, gari lenye mabomu lililipuka kwenye ubalozi wa Marekani Dar es Salaam na kuua watu 11. Tukiisimulia habari hiyo kwa lugha ya redio, dereva wa lile gari "alijitoa mhanga", na wale 11 ni "wahanga". Muuaji na waliouawa wamevikwa neno moja, tena aliyevikwa kwa maana ile ya zamani, ya heshima, ni muuaji. Mzee wako alikasirikia jambo la kweli.

Wengine watakushauri useme "waathirika". Hapo ingia taratibu. Kuathirika ni kufikiwa na athari bila kutajwa aliyeileta. Ukame unaweza kukuathiri, bei ya mafuta pia. Wakenya husema "waathiriwa", na kisarufi wana hoja, kwa sababu -w- ile ya kutendwa inadokeza kwamba yupo aliyetenda. Hata hivyo, kwa mtu aliyelala kaburini, kuathiri ni kitenzi chepesi mno kwa namna yoyote utakayokinyambua.

Kinachonisikitisha ni kwamba tunahangaika kutafuta neno moja la kubeba watu wote, kwa kuwa Kiingereza kinalo (victim), huku Kiswahili kimeshawapa kila kundi neno lake. Walioondoka ni waliouawa. Walioumia ni majeruhi. Waliotoka salama ni manusura, neno lililotokana na kunusuru, kuokoa. Na waliobaki nyumbani na kitanda kitupu ni wafiwa. Litazame hilo la mwisho. Kufa ni kitenzi cha anayekufa peke yake. Ukitia kiambishi cha kutendea unapata kufia: mtoto amemfia mama yake. Ukitia na cha kutendwa, mama huyo amefiwa. Kifo kimetokea kwa mwingine na kimemwangukia yeye, na sarufi imeyasema yote mawili kwa neno moja. Mama aliyesubiri nje ya geti la shule hadi akatajiwa jina la mwanawe miongoni mwa waliouawa ni mfiwa. Ukimwita "mwathirika" umempunja.

Sasa majina matatu mliyobishania.

Kimbari liondoe kabisa katika habari hii. Mbari ni ukoo, ni kabila. Mauaji ya kimbari ni kuua watu kwa nia ya kulifuta kundi lao, na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Desemba 9, 1948 unayataja makundi yenyewe: la taifa, la kabila, la asili au la dini. Sisi wa Kanda ya Ziwa hatuhitaji kamusi kwa neno hili. Mwaka 1994 Mto Kagera ulibeba miili kutoka Rwanda ukaiingiza katika ziwa hili tunalovua. Upande wa Uganda wanavijiji waliiopoa na kuizika kwa maelfu, na watu wakaogopa kula samaki. Septemba 2, 1998, pale Arusha, mahakama ya kimataifa ikamtia hatiani Jean-Paul Akayesu, mtu wa kwanza duniani kupatikana na hatia ya kosa hilo mbele ya mahakama ya aina hiyo. Mtu mmoja akiingia dukani Marekani na bunduki akaua watu kumi, amefanya unyama, lakini hilo peke yake halionyeshi nia ya kulifuta kundi. Neno likitumika kwa kila kitu, siku litakapohitajika halitamshtua mtu.

Halaiki, uliyoiandika wewe, ina nafuu. Ni umati, watu wengi kwa pamoja. Nina wasiwasi nayo kwa mambo mawili. La kwanza ni kwamba wapo wanaoitumia kwa maana ileile ya kimbari, hivyo msikilizaji hajui unamaanisha ipi. Na watoto wetu wanaijua halaiki nyingine kabisa, ile ya kucheza kwa mpangilio uwanjani siku za sherehe. Mtoto aliyewahi kupangwa mstari pale CCM Kirumba akisikia "mauaji ya halaiki ya wanafunzi", sijui ataona picha gani kichwani, na nisingependa aione.

La pili ni zito zaidi. Jina wanalolitumia Wamarekani, mass shooting, linataja kupigwa risasi kwa watu wengi. Halitaji kufa. Gun Violence Archive, wanaoorodhesha matukio hayo, huhesabu kila tukio ambalo watu wanne au zaidi wamepigwa risasi, aliyepiga akiwa hahesabiwi, wawe wamekufa au wamepona. Sheria ya Marekani ya Januari 2013 kuhusu mauaji ya watu wengi inahesabu kingine: watu watatu au zaidi waliouawa katika tukio moja. Ndiyo maana unaweza kupokea takwimu mbili zinazopishana sana kwa mwaka uleule na zote zikawa za kweli. Ukitafsiri hesabu ya kwanza kuwa "mauaji", umewaua hewani watu ambao wako hospitalini wakitibiwa. Hapo sema "mashambulio ya risasi". Neno mauaji lisubiri hadi iwe imethibitika kwamba kuna waliokufa.

Tuje kwa mhariri wako na "ufyatuaji risasi". Kufyatua ni kukiachia kitu kilichobanwa. Mtego hufyatuka. Matofali tunayafyatua kwenye kibao, na hapa Mwanza nyumba nyingi zimeanzia hapo. Polisi wakitaka kutawanya watu hufyatua risasi hewani, na jioni kila mtu anarudi kwake. Kwa hiyo "ufyatuaji risasi" umetaja kazi ya bunduki ukaishia hapo; risasi zilikwenda wapi, hazikusemwa. Mbaya zaidi ni "bunduki ilifyatuka", maana hapo hata mwenye kidole ametoweka. Hilo lina mahali pake, kwa mfano mlinzi akisafisha silaha ikalia kwa bahati mbaya. Ukitaka kukitumia kitenzi hiki, kipe kiambishi cha kutendea ili watu waonekane: aliwafyatulia watu risasi.

Na kuna kiambishi kingine kinachoponza vyumba vya habari: -an-, kile cha kutendana. "Kurushiana risasi", "majibizano ya risasi", "mapambano". Kurushiana kunahitaji pande mbili zenye kitu cha kurusha. Agosti 25, 2021, karibu na ubalozi wa Ufaransa Dar es Salaam, mtu mwenye silaha aliwaua askari polisi watatu na mlinzi mmoja kabla hajauawa yeye. Polisi walipomjibu, hapo walirushiana risasi, na mtangazaji aliyesema hivyo alisema kweli. Sasa nenda Chuo Kikuu cha Garissa, Kenya, alfajiri ya Aprili 2, 2015. Waliuawa watu 148, na 142 kati yao walikuwa wanafunzi, wengi wakikutwa mabwenini. Vikosi vya usalama vilipambana na washambuliaji, ndiyo, lakini mwanafunzi aliyejificha chini ya kitanda hakupambana na mtu. Sentensi moja ya "watu 148 wafa katika mapambano" ingempa bunduki ambayo hakuwa nayo. Wakenya waliumia pia kwa namna nyingine. Hesabu ya mwanzo ilipotangazwa kuwa 147, wakaanza kuweka mitandaoni majina na picha za waliouawa, wakisema 147 si namba tu. Ukipata majina ambayo familia zimeridhia yatajwe, yasome, hata kama ni mawili.

Hapo ndipo nilipotaka kufika: kitenzi cha kifo. Mei 21, 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikiwa inaukaribia mji, na mamia ya watu wakafa maji. Makaburi yako Igoma, na kila mwaka watu huenda. Kwa wale tunasema walifariki, walikufa maji, na kila mtu anaridhika, kwa kuwa hakuna aliyewashika akawazamisha mmoja mmoja. Sasa soma vichwa vya habari vya risasi: "Watano wafariki shuleni", "Kumi wapoteza maisha". Kufariki ni kitenzi cha upole, tunakitumia msibani kumsitiri marehemu, na nakipenda. Lakini hakina mtenda. Kupoteza maisha ni mbaya zaidi, kana kwamba mtu aliyaangusha njiani. Mtoto aliyepigwa risasi darasani ameuawa. Sema ameuawa. (Na uandike hivyohivyo, "wameuawa", si "wameuwawa"; baada ya u, w ni moja tu.)

Utaniuliza: nikimtaja muuaji katika kila sentensi, si ndiyo kumpa umaarufu anaoutafuta? La. Kumtaja mtenda si lazima kumtaja jina. Machi 19, 2019, siku nne baada ya shambulio la misikiti miwili ya Christchurch lililoua watu 51, Jacinda Ardern, waziri mkuu wa New Zealand wakati huo, alisimama bungeni. Alianza kwa As-salaam alaikum, akamwita muuaji kuwa gaidi na mhalifu, kisha akasema kwamba yeye hatalitamka jina lake. Mtenda alikuwepo katika hotuba yake, akiwa na kitendo chake, bila jina. Wazazi wa kijana aliyeuawa katika ukumbi wa sinema mjini Aurora, Marekani, mwaka 2012 wamekuwa wakiviomba vyombo vya habari jambo hilohilo. Na hofu yao ina msingi: utafiti wa Sherry Towers na wenzake, uliochapishwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba baada ya mauaji ya aina hii uwezekano wa kutokea mengine hupanda kwa siku kama 13. Wewe una "mtu mwenye bunduki", una "mshambuliaji", una "muuaji" ikiwa imeshathibitika. Akiwa hai na amekamatwa ni mtuhumiwa, akisomewa mashtaka ni mshtakiwa, na hapo jina litakuja kwa taratibu za mahakama. Likitajwa mara moja linatosha.

Imebaki ile sentensi yako ya mwisho. Najua ilitoka moyoni. Lakini "mawazo yetu yako pamoja nao" si Kiswahili, ni Kiingereza kilichovaa kanga. Kwetu mtu "mwenye mawazo" ni mwenye dhiki, aliyekosa usingizi. Mfiwa ana mawazo yake ya kutosha, usimwongezee ya kwako. Tuna pole, tuna rambirambi. Mtu akifiwa hapa Nyakato au Buhongwa tunaenda kuhani, tunakaa kwenye turubai, na neno la kwanza ni pole. Redio haiwezi kukaa turubaini, lakini pole inaweza kuitoa, na wagonjwa inaweza kuwaombea wapone.

Nikuandikie mfano kwa habari ambayo mambo yake yote yanajulikana, ya Mei 24, 2022. Ningeisoma hivi:

"Kijana wa miaka 18 mwenye bunduki ameingia katika Shule ya Msingi Robb, mjini Uvalde, jimbo la Texas nchini Marekani, na kuwaua kwa risasi wanafunzi 19 na walimu wawili. Wanafunzi hao walikuwa na umri wa kati ya miaka 9 na 11. Wapo pia majeruhi. Askari walimuua kijana huyo zaidi ya saa moja baada ya kuingia shuleni. Tunawapa pole wafiwa, na tunawaombea majeruhi wapone."

Haina halaiki, haina tukio, na hakuna aliyepoteza maisha. Ukiisoma kwa mwendo wako wa kawaida haitamaliza dakika moja.

Halafu mtafute yule mzee wa Kirumba, maana namba yake bado itakuwa kwenye simu ya studio. Mwambie swali lake limejibiwa, na kwamba hawakujitoa.