Klarineti yako haijaharibika, usikubali ikatwe

SWALI: Mwalimu habari. Napuliza klarineti ya Bi-flati, huu mwaka wa pili, na binamu yangu anapiga akodioni. Tunataka polka (zile densi za mapigo mawili) tatu nne za harusi Desemba. Nilinunua noti za PDF kwa WhatsApp 1,500 lakini tukianza pamoja ni kelele tupu. Fundi mmoja mjini anasema sauti ya klarineti iko chini, nimpelekee akate bareli, kile kipande kifupi kinachoshika kipulizio. Na kama shida ni noti, zingine nitatoa wapi? – Msomaji, Umoja

JIBU: Tafadhali usipeleke hiyo klarineti, hata kama ushatoa dipoziti wacha iende. Nimeletewa bareli zilizopigwa msumeno mara nyingi sana na hakuna hata moja niliyoweza kurudisha, mtu ananunua ingine basi.

Wewe ukisoma C kwa klarineti ya Bi-flati inatoka Bi-flati, toni nzima chini. Binamu anaona C ileile kwa karatasi ileile, anabonyeza, inatoka C. Chombo kiko sawa, karatasi ndio iliandikiwa akodioni peke yake. Sasa piga hesabu ya fundi: kupandisha toni nzima unafupisha bomba karibu asilimia 11, na klarineti ni kama sentimita 66, hiyo ni kama sentimita 7, na bareli yote mzima ni milimita 65 hivi! Atakata nini? Na matundu hayasongi, kwa hivyo noti za karibu na bareli zinaruka juu sana na zile za chini zinabaki nyuma, unatoka hapo na klarineti isiyoelewana hata na yenyewe. Bareli ni ya kuvuta milimita moja mbili chombo kikipata joto, kazi yake inaishia hapo.

Dawa ni kuandika upya toni moja juu. C inakuwa D, F inakuwa G, Bi-flati inakuwa C. MuseScore, programu ya kuandikia noti, ni ya bure, andika melodi, chagua klarineti ya Bi-flati, itakuhamishia yenyewe.

Za kutafuta, anza na IMSLP, maktaba ya noti za zamani mtandaoni. Polka ilitoka Bohemia (Ucheki ya leo) miaka ya 1830 kwa hivyo karatasi nyingi nzuri ziko kwa Kijerumani au Kicheki, na hapo watu wanapotea: "in B" kwa Kijerumani ndio Bi-flati yetu, ile B yetu wao wanaiita H. Kwa hivyo "Klarinette in B" ni yako, "in Es" ni ile ndogo, na pati (karatasi ya chombo kimoja kimoja) za okestra za zamani utakuta zingine ni "in C" au "in A", hizo usipige vile zilivyo. Johann Strauss wa pili alikufa 1899, polka zake ni huru, na hapa Kenya haki ya mtunzi inaisha miaka 50 baada ya kifo. Polka mpya nunua kwa mchapishaji, angalia kama kuna pati ya Bi-flati kabla ya kulipa.

Lakini hawa wauzaji wa PDF kwa WhatsApp wananiudhi kabisa. Wanachukua karatasi ya piano, wanaandika "klarineti" juu, wanauzia watoto wa bendi za shule na vijana wa kwaya, halafu mtoto anaambiwa hana sikio, mzazi anaambiwa anunue ridi za bei, chombo kinaambiwa kikatwe. Wengine wanapitisha video kwa programu ya kugeuza sauti kuwa noti, na kwa polka, akodioni na beesi zikilia pamoja, inatoka takataka, mapigo mawili yanaandikwa kama matano.

Huyo aliyekuuzia mpigie leo, umuulize hiyo karatasi ni ya chombo gani. Akikujibu "noti ni noti", dai 1,500 yako.