Mninga wetu umelala

Mmeuliza wiki hii: kipupwe kikiingia, bustani ya nyumbani kwenu hubaki na nini cha kutazama? Naandika kutoka Tabora mjini, na Julai hii naona mengi kuliko wakati wa mvua.

Mvua zetu hukatika kati ya Aprili na Mei, hazirudi mpaka Novemba hivi. Asubuhi ni ya kuvaa sweta, mchana ni jua na vumbi. Mpera umefifia. Lakini mwembe umechanua, na baridi hii ya usiku ndiyo inayouamsha. Vuta tawi uone shada moja kwa karibu: kijiti chekundu kimebeba viua vidogo kama punje za mtama, mamia kwa mamia, harufu yake tamu na nzito. Wanaovihudumia zaidi ni nzi, kwa hiyo siwafukuzi. Ninachotafuta kila asubuhi ni unga mweupe juu ya shada. Huo ni ubwiri unga, na ukiuachia, maua yote hupukutika kabla ya kushika embe.

Mti wa moyo wangu, hata hivyo, ni mninga ulio nyuma ya jiko. Nilipoolewa huku nilitokea Bukoba, ambako migomba ni ya kijani mwaka mzima. Agosti yangu ya kwanza niliukuta mninga umebaki fito tupu, nikaamini umekufa. Nikamwomba shemeji aukate tupate kuni. Alipopiga panga mara mbili, shina lilianza kutoa utomvu mwekundu, damu kabisa. Mama mkwe akatoka jikoni mbio. "Mwanangu, acheni! Huo umelala tu." Akakwangua gome la kitawi kwa ukucha, na chini yake palikuwa kijani kibichi. Nililia. Mwisho wa Septemba, kabla tone la mvua halijaanguka, mti mzima uligeuka manjano kwa maua, nyuki wakivuma tangu alfajiri.

Kovu la panga lipo mpaka leo, usawa wa kiuno changu, kingo zimevimba na kufunga. Matunda ya mwaka jana bado yananing'inia juu: duara bapa, katikati miiba iliyosongamana kama brashi, ukingo mwembamba kama karatasi ya kaki. Upepo wa jioni ukipita unayasikia yakigongana.

Mninga hauna haraka. Mche wake hukauka juu kila kiangazi, miaka kadhaa mfululizo, mzizi ukibaki hai ardhini na kunenepa, mpaka siku utakapoweza kusimama. Wanangu wanao mmoja kwenye kona ya ua, huu ni mwaka wake wa tatu. Sasa hivi ni kijiti kikavu kisichofika shibiri. Tumekizungushia mawe, asije mtu akakifagia pamoja na majani.