Kadi na bahasha yake

Swali la wiki: Kadi za zamani za Idi, Krismasi, Diwali na mitihani zilizojaa makabatini Mombasa zina faida gani kwa kumbukumbu za mji, na mtu azitunze vipi kabla ya kuzikabidhi?

Jibu la msomaji, Mombasa

Mhariri, kwanza watu waache kuzibagua. Sanduku likifunguliwa tu, kadi nzuri huwekwa huku, zilizochakaa kule, na bahasha hutupwa jaani. Hapo nusu ya habari imeshapotea. Picha ya waridi au ya Kaaba ilichapwa kwa maelfu. Kisicho na mwenzake ni mwandiko wa ndani, muhuri wa posta, na jina na sanduku la posta juu ya bahasha. Kadi iliyojaa maandishi hadi pembeni, hata ikiwa imechanika, ina kazi kuliko mpya ambayo haijaguswa na kalamu.

Kwa hivyo zipige picha zikiwa bado sandukuni, kisha uandike zilikuwa za nani na zilikaa wapi. Zilizofungwa pamoja zibaki kundi moja. Raba itolewe, kwani kwa joto letu huyeyuka ikawa ulimbo, kisha ikaganda juu ya karatasi. Pini ya stepla iliyoshika kutu usiivute. Ikunjue miguu kwa nyuma kwa kisu butu, halafu uisukume itoke yenyewe.

Kazi yenye utamu ni kutafuta tarehe, na ndiyo yenye mitego mingi. Kadi ya Idi mara nyingi huwa na mwaka wa Hijria peke yake. Zidisha mwaka huo kwa 0.97, ongeza 622, utapata unapoangukia: 1390 inatoa 1970 na ushei. Lakini Idi ya Mfungo Mosi (Idi ndogo, ya baada ya Ramadhani) ya 1390 iliangukia mwishoni mwa 1970, na ile ya Mfungo Tatu (Idi kubwa, ya kuchinja) ya mwaka huohuo ikaingia Februari 1971. Usiandike mwaka kabla ya kujua ni Idi ipi. Hata mwaka wa Kizungu haukuokoi kila mara: 2000 ulikuwa na Idi ndogo mbili, moja mwanzoni mwa Januari na nyingine mwishoni mwa Desemba. Hapo muhuri wa posta ndio hakimu, na muhuri uko kwenye bahasha ile iliyokwenda jaani.

Tarakimu za Kiarabu nazo zina vituko vyake. Sifuri yake ni nukta tu, na 1390 yenye nukta iliyofifia husomeka 139. Kabla ya kukwangua doa, hakikisha si sifuri.

Kadi za Diwali za Kigujarati hutumia mwaka wa Vikram, yaani wa kalenda ya Kihindu. Toa 57 upate mwaka wa Diwali yenyewe, yaani 2027 ni Diwali ya 1970. Kadi za kuwatakia watahiniwa heri hujitaja zenyewe: ikisema CPE (mtihani wa zamani wa kumaliza shule ya msingi) haizidi 1984, KCPE (uliochukua nafasi yake) ni kati ya 1985 na 2023, na KCSE (wa kumaliza sekondari) ni kuanzia 1989. Stempu yenye jina la Kenya peke yake haiwezi kutangulia 12 Desemba 1963. Kinyume chake si hoja, kwa sababu stempu za pamoja za Afrika Mashariki ziliendelea kutumika hata baada ya uhuru.

Sasa unyevu, adui asiyelala. Kuvu huanza kuota kwenye karatasi unyevu wa hewa ukipita asilimia 65, na Mombasa tuko juu ya hapo karibu mwaka mzima, masika ndiyo usiseme. Kuta za mawe ya matumbawe za Mji wa Kale hufyonza maji na chumvi, kwa hivyo kabati likae mbali na ukuta kwa shubiri moja au zaidi, na miguu yake iliinue sanduku la chini kutoka sakafuni. Sanduku la bati lililofungwa kabisa hugeuka chungu: joto la mchana na ubaridi wa alfajiri hutoa matone ndani. Boksi la kadibodi safi isiyo na asidi, lisilojazwa likabana, ni bora. Vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinafaa kwenye chombo kisichopitisha hewa, tena vikibadilishwa. Kwenye boksi la wazi ni mapambo tu.

Kadi yenye kuvu ipelekwe nje kivulini, uvae barakoa, uipanguse kwa brashi laini ikiwa kavu. Kitambaa chenye maji huisukuma kuvu ndani zaidi. Vile vijidudu vya rangi ya fedha vinavyokula gundi, dawa yake ni friza: funga kadi ndani ya mifuko miwili ya plastiki, toa hewa, ziache wiki mbili, kisha uzitoe na usifungue mifuko hadi kesho yake, la sivyo jasho la ubaridi litailowesha karatasi.

Bomba likipasuka juu ya kadi zenye mng'aro, zitenganishe zikiwa bado maji. Zikikauka zimeshikana, ule mpako wa juu huwa gundi na rundo lote huwa tofali moja. Usipopata nafasi ndani ya siku mbili, friza tena.

Laminesheni, yaani kuifunika kadi kwa plastiki ya moto, hapana kabisa, haina njia ya kurudi. Selotepu hapana: gundi yake hugeuka njano na kupenya hadi upande wa pili. Albamu zenye kurasa za kunata ziko kundi hilohilo. Namba iandikwe kwa penseli ya 2B, nyuma, pembeni chini, juu ya meza ngumu; bahasha ipewe namba ileile na herufi b.

Kwenye skana, 600 dpi (nukta kwa inchi), pande zote hata tupu, kwa mpangilio mmoja: mbele, ndani, nyuma, bahasha. Kadi ambazo picha yake huinuka zikifunguliwa zipigwe kwa kamera, si kubanwa na kifuniko.

Kukabidhi kadi si kukabidhi haki ya maneno. Kwa sheria ya Kenya haki hiyo ni ya aliyeandika, hadi miaka 50 baada ya kufa kwake, kwa hivyo hati ya makabidhiano iseme wazi nani anaruhusiwa kuzisoma na nani kuzichapisha. Walio hai wafichwe anwani.

Na kama zimo zile kadi za kuimba, fungua mfuko wake wa ndani utoe betri leo. Ikivuja hula karatasi, pamoja na zile kadi zilizolala chini yake.