Wachambuzi watatu, kazi tatu

Ndugu, umeuliza kama mchambuzi wa biashara, wa mifumo na wa data ni kitu kimoja. Hapana. Chukua saccos, yaani chama cha akiba na mikopo, ambayo mikopo yake inachelewa kutolewa. Wa biashara anakaa na maofisa mikopo na wanachama, anafuatilia fomu inapita mikononi mwa nani na inakwama wapi, kisha anaandika mahitaji. Wengi humdharau huyu, lakini akikosea yeye, mafundi watajenga kitu kisichomsaidia mtu. Wa mifumo anayageuza mahitaji kuwa mchoro wa programu: hifadhidata, skrini, muunganiko na malipo ya simu. Wa data anachambua kumbukumbu za marejesho kwa SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, au Excel, aone nani hulipa kwa wakati. Kwenye ofisi ndogo mtu mmoja hubeba zote. Wewe uliyesomea uhasibu, anza na data.