Je, gemu inaweza kumfundisha mwanangu Mapinduzi ya Ufaransa?

SWALI: Mwanangu wa kidato cha tatu amecheza Assassin's Creed Unity likizo nzima, na sasa anayasimulia Mapinduzi ya Ufaransa kana kwamba aliyashuhudia. Je, nimwache aitegemee gemu hiyo katika somo la Historia? – Mzazi, Morogoro

JIBU: Ndugu mzazi, usimkataze, ila kaa naye mbele ya skrini hata jioni moja. Gemu hiyo, iliyotolewa na Ubisoft mwaka 2014, imeijenga upya Paris ya miaka ya Mapinduzi kwa bidii ninayoiheshimu sana: viwanja vimefurika umati, na Kanisa Kuu la Notre-Dame linakweleka hadi kileleni. Lakini mnara mwembamba unaouona kwenye gemu juu ya paa lake ulikamilika mwaka 1859, miaka 65 baada ya Robespierre, mmoja wa viongozi wa Mapinduzi, kukatwa kichwa.

Kosa hilo nawasamehe wachoraji. Linalonisumbua ni jinsi umma ulivyonyang'anywa mapinduzi yake. Tarehe 5 Oktoba 1789 wanawake wa Paris, waliochoshwa na uhaba wa mkate na bei yake, walitembea takriban kilomita 20 kwenye mvua hadi Versailles, alikoishi mfalme, na kesho yake wakarudi pamoja na mfalme. Ndani ya gemu, uhaba wa chakula ni hila ya chama cha siri cha Templars, wanaohodhi nafaka ili wananchi wapandwe na hasira. Mavuno mabovu ya 1788, kodi na madeni ya serikali yanafunikwa na njama hiyo, na umati unabaki kupiga kelele tu huku shujaa akipita na upanga wake. Mwanasiasa Mfaransa Jean-Luc Mélenchon alilalamika mwaka huohuo kwamba wananchi wamechorwa kama washenzi na Robespierre kama dubwana. Kuhusu Robespierre tungeweza kubishana, kwa maana damu ilimwagika kweli, ila kuhusu wananchi namuunga mkono.

Mfikishe pia mwanao kwa Le Peletier, mbunge aliyepiga kura mfalme auawe. Alichomwa upanga mgahawani Palais-Royal, jijini Paris, tarehe 20 Januari 1793, usiku wa kuamkia siku ya kuuawa kwa Louis wa 16, na aliyemchoma alikuwa askari wa zamani wa walinzi wa mfalme, aliyeghadhibishwa na kura hiyo. Kwenye gemu anayemuua ni mchezaji mwenyewe, kwa sababu Le Peletier ni mmoja wa Templars. Mwanao akishabonyeza kitufe, mwulize alimuua kwa kosa gani, kisha umsimulie habari ya ile kura.