Jibu: Namna ya kumkumbuka Michael Ruppert

Habari ndugu. Umeuliza uandikeje juu ya Michael Ruppert, mwandishi Mmarekani wa nadharia za njama aliyejiua California Aprili 2014, bila kumtukuza wala kumdhihaki. Mimi, ninapoandika tanzia za watu wa namna hii, kwanza hutenganisha waliyoyatenda na waliyoyatabiri. Kwamba alikuwa polisi wa Los Angeles, na kwamba mwaka 1996 alisimama hadharani mbele ya mkurugenzi wa CIA (shirika la ujasusi la Marekani), John Deutch, akalituhumu shirika hilo kwa biashara ya dawa za kulevya, hayo yana kumbukumbu. Kwamba uhaba wa mafuta ungeangusha ustaarabu ulikuwa utabiri, na alipofariki uzalishaji wa mafuta wa Marekani ulikuwa ukipanda. Liandike hilo waziwazi. Kifo chake usikifanye ushahidi wa nadharia yoyote, wala usieleze alivyojiua, kwa kuwa huenda miongoni mwa wasomaji wako wamo waliokata tamaa.